Kiti cha Mtoto na Barua Niliyomwandikia Jirani

Binti yetu wa kwanza alipofikisha miezi minane na kuanza kukaa bila kuegemezwa, niliamua kwamba hatalishwa chini. Mke wangu hakuniuliza sababu, lakini nilimpa. Nilimwambia kwamba mtoto wa karani hali mkekani. Mimi mwenyewe nililelewa mkekani, na kabla ya mkeka kwenye udongo mtupu, nikigombania ugali na kuku waliokuwa na mbio kuliko mimi. Lakini sasa ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa na tai mbili na meza yangu mwenyewe katika ofisi ya mizigo kule gatini Kisumu. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua za kuwaeleza watu magunia yao yalikuwa yamekwama wapi. Niliona nimefika.

Jumamosi moja nilipita mbele ya nyumba ya familia ya Kihindi iliyokuwa ikihamia ng'ambo. Vyombo vyao vilikuwa vimepangwa barazani vikiuzwa: makabati, masufuria, cherehani, na katikati yake kiti kirefu cha kulishia mtoto. Ilikuwa ni mara ya kwanza kukiona kiti cha namna hiyo nje ya picha za magazeti. Miguu yake ilikuwa imechongwa maua na majani yaliyopandana mpaka juu. Kikalio kilikuwa cha kusukwa kwa henzirani. Juu ya kikalio palikuwa na mto mwekundu wa mahameli, umepigiliwa misumari midogo ya shaba ukingoni. Na mbele, kwenye kimeza, palikuwa na waya wenye shanga za rangi za mtoto kuchezea.

Mama wa nyumba ile aliniona nikikizunguka. Alikuwa mwanamke mwungwana, na alijaribu kuniokoa.

"Hii kiti mzuri kwa kuangalia," aliniambia. "Kwa kula, si mzuri sana. Mimi nilikuwa na ayah wawili."

Nilidhani anajivunia yaya wake. Nikakinunua, nikakibeba kichwani mpaka mtaani kwetu, njia nzima nikikata kona kubwa ili watu wengi zaidi wakione.

Mke wangu alikizunguka mara moja. Alikuwa binti wa Usenge, kando ya ziwa, aliyekulia katikati ya samaki na mitumbwi, na macho yake yalikuwa na tabia ya kutazama kitu kuanzia chini.

"Ni kizuri," alisema. "Kinaoshwaje?"

"Kinapanguswa," nilimjibu.

"Na hapa?" Aliingiza ukucha kati ya majani mawili ya maua.

"Hapo pia."

Alimketisha mtoto, mtoto akazishika shanga, akacheka, na mimi nikasimama nyuma yake mikono kiunoni kama mtu aliyekichonga mwenyewe.

Kwa wiki tatu nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilikuwa nikirudi nyumbani saa saba kula chakula cha mchana, na nilipenda kumkuta binti yangu ameketi juu, macho yetu karibu usawa mmoja, akipigapiga kimeza kwa kijiko. Alikuwa akila uji wa mtama, ndizi, na minofu ya samaki aina ya ngege iliyopondwa kwenye mchuzi baada ya mama yake kuitoa miiba. Niliona chakula kikiingia mdomoni na sikujiuliza kile kisichoingia kilienda wapi. Mke wangu alipangusa kimeza kwa kitambaa kila baada ya chakula. Aliniambia mara mbili kwamba kile kiti kinameza vitu. Nilidhani ni msemo.

Wiki ya nne nyumba ilianza kunuka.

Mwanzoni ilikuwa harufu ndogo, ya kupita. Baadaye ikawa inanisubiri mlangoni. Nilitafuta panya aliyekufa darini. Nilivuta kabati. Nilimwagia dawa shimo la maji machafu uani. Harufu haikujali. Ndipo nikamkumbuka jirani.

Tuliishi katika nyumba za safu, ukuta mmoja kwa watu wawili, na upande wa pili wa ukuta wetu aliishi mama mmoja mjane aliyekaanga samaki barazani kwake na kuwauzia wafanyakazi waliotoka kazini. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kanisani, na samaki wake walikuwa wazuri. Nilikuwa nimewala mwenyewe mara nyingi. Lakini mtu akishatafuta panya darini siku mbili, haki humtoka. Nilijiambia: hapa pana harufu ya samaki, na pale pana samaki. Kwa karani, ushahidi ulikuwa umekamilika.

Mwanamume mwingine angepiga hatua kumi na mbili, akabisha hodi, akasema. Mimi nilikwenda ofisini nikamwandikia barua.

Niliipiga taipu wakati wa chai, yenye nakala ya kaboni. Ilianza na "Kwa Mheshimiwa Mama" na kuendelea na "Yahusu: Uvundo." Nilimjulisha kwa masikitiko kwamba kwa muda wa siku kadhaa kumekuwa na harufu isiyostahimilika itokayo upande wake. Nilimkumbusha kwamba nyumbani kwangu kuna mtoto mchanga anayelelewa katika hali ya usafi. Nilimwomba aiondoe harufu hiyo mara moja. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Nikaisukuma chini ya mlango wake asubuhi nikienda kazini, halafu nikatembea haraka.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mama yule hakujua kusoma. Barua zake zote, za kutoka kwa watoto wake, alikuwa akisomewa na mke wangu.

Saa saba nilipoingia nyumbani nilimkuta jirani ameketi kwenye kiti changu mwenyewe. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani na karatasi mkononi. Mtoto alikuwa kwenye kiti chake akila. Nilitambua karatasi kabla sijavuka kizingiti, kwa sababu ule mkia wa sahihi ulionekana hata kwa upande wa nyuma.

"Karibu, Baba," jirani alisema. "Tumefika mahali pa usafi. Mama, endelea kusoma."

Mke wangu aliendelea. Alisoma polepole, kwa sauti tambarare, bila kuniangalia. Nilikuwa sijawahi kuisikia barua yangu ikisomwa kwa sauti. Kila neno nililolipenda asubuhi lilikuwa sasa kama jiwe kwenye maharagwe.

"'Uvundo' ni nini?" jirani aliuliza.

"Ni kunuka," mke wangu alimjibu. "Kunuka sana."

"Ai yawa! Kumbe mimi nanuka mpaka kwa taipu."

Nilifungua mdomo niseme kwamba sikuwa na maana hiyo, lakini alikuwa ameinua mkono. Alikuwa amenyanyua pua. Mtu aliyeuza samaki maisha yake yote huijua harufu ya samaki kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake: huyu wa lini, ameketi wapi, ana shida gani. Aliinuka. Alinusa dirishani, akatikisa kichwa. Alinusa kabati. Halafu akakiendea kiti cha mtoto, akamnyanyua binti yangu, akamkabidhi kwa mama yake, na kuinama.

"Baba," alisema, "leta kisu."

Nilileta. Alikibandua kipembe cha mto mwekundu, misumari ya shaba ikaruka mmoja mmoja, na akaufunua mto wote kama mtu anavyofunua jani la ndizi.

Sitaeleza yote yaliyokuwa mle. Palikuwa na minofu ya wiki nne. Palikuwa na ndizi iliyogeuka nyeusi, na uji ulioingia kwenye matundu ya henzirani ukakauka ukaota ukungu. Sufi ya mto ilikuwa imelewa mchuzi. Kumbe binti yangu, kila alipopewa samaki asiyemtaka, alikuwa akimtia kwenye mwanya wa pembeni, kwa vidole vidogo vyenye bidii. Chungu walikuwa wamejipanga mstari kutoka mguu wa nyuma, wakipanda kupitia maua yaliyochongwa, jani kwa jani, kana kwamba fundi aliwachongea ngazi.

Jirani alijinyoosha. "Huyu samaki si wangu," alisema. "Wangu hukaa siku moja tu, wanaisha."

"Mama, nisamehe," nilisema. "Nimekukosea sana."

"La. Wewe hukunikosea kwa mdomo. Ulinikosea kwa barua. Sasa uniandikie ingine, na ukuje uisome mwenyewe."

Nilidhani ni mzaha. Mke wangu alisema, "Na nakala ya kaboni niwekee mimi."

Jioni ya siku ya pili nilisimama kwenye baraza ya jirani, mafuta yakichemka kikaangoni, wateja wake kama kumi hivi wamesimama na samaki mikononi, wawili kati yao wakiwa wapagazi wa kule gatini walionijua. Nikasoma. "Yahusu: Kosa Langu." Nilisoma kwamba harufu ilitoka nyumbani kwangu, kwenye kiti nilichokinunua mwenyewe, na kwamba samaki wa mama huyu ni safi na sina neno juu yao. Nilipomaliza mpagazi mmoja alipiga makofi. Jirani alinifungia ngege mzima kwenye gazeti, akakataa malipo, akaniambia, "Peleka kwa kiti."

Kwa mwezi mzima gatini waliniita Bwana Uvundo.

Nyumbani hukumu ilikuwa fupi zaidi. "Wewe ulikileta," mke wangu alisema, "wewe utakiosha. Kila siku. Mimi nitamlisha mtoto, nitamwosha mtoto, lakini kiti ni chako." Sikuwa na pa kukatia rufani.

Jumapili ile, baada ya kanisa, nilikitoa kiti uani nikavua shati. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nilianza na brashi ya nguo, nikakuta haiingii kwenye maua. Nikachukua mswaki wangu wa zamani, nao haukufika kwenye mizizi ya majani. Nikachonga kijiti. Nikatumia unyoya wa kuku. Shanga zilikuwa mbaya kuliko zote: uji ulikuwa umezigandisha kwenye waya, na waya ulikuwa umepigiliwa pande zote mbili ili usitoke. Niliziosha shanga kumi na nane moja moja, nikizizungusha kama mtu anayesali rozari. Mwisho, kwa hasira, nilikimwagia kiti chote ndoo mbili za maji ya moto na kukiacha juani.

Jua la Kisumu lilifanya kazi yake. Mbao za kimeza zilipinda. Henzirani, iliyokuwa imelegea kwa maji, ilikauka vibaya, na jioni nilipomketisha binti yangu kwa fahari, alizama taratibu mpaka magoti yakamfika kidevuni. Aliona ni mchezo mzuri. Alicheka akanyoosha mikono atolewe, azamishwe tena. Mke wangu aliingia ndani, na nikasikia kwa ukuta akicheka pamoja na jirani, kila mmoja upande wake.

Kwa hiyo nilihitaji kiti kingine, na safari hii niliapa sitachagua kwa macho. Katika duka moja mjini palikuwa na kiti kipya kutoka nje, chenye miguu ya bomba linalong'aa na kikalio cha plastiki ya njano. Kilionekana kama kitu cha hospitali, na hilo lilinivutia. Lakini nilikuwa nimekuwa mtu wa kupima. Jumamosi nilikwenda pale na chupa ya chai yenye uji wa moto, mzito, na mbele ya mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani, nikamimina kikombe kizima juu ya kikalio.

"Bwana!" alipiga kelele. "Wewe nanunua kiti ama nafungua hoteli?"

"Napima, Mzee. Subiri uone."

Tuliona. Plastiki yenyewe ilipanguswa vizuri sana. Lakini ilikuwa imeshonwa mshono pembeni, na uji uliingia kwenye mshono na haukurudi. Uliingia kwenye vichwa vya skrubu. Mwingine ulishuka ndani ya bomba kupitia tundu nisiloliona, na dakika tano baadaye ukatokea chini, kwenye mguu, tone kwa tone, sakafuni kwa yule mzee. Nilikipangusa kwa leso yangu, halafu kwa shati langu la ndani. Mzee alinitolea pini ya kuchokolea mshono, akasimama juu yangu mpaka nilipomaliza, na kunisindikiza hadi barabarani ili awe na hakika.

Aliyeniokoa alikuwa seremala wa mtaa wa Kondele. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa Murang'a, aliyekuja Kisumu kutengeneza kaunta za maduka na hoteli, na kibanda chake kilinukia gundi na maranda. Nilimfikia na mchoro nilioupiga rula, wenye vipimo vya kila kitu mpaka unene wa paja la mtoto. Aliutazama kwa heshima, akauweka chini ya jiwe.

"Nani ataosha?" aliniuliza.

"Mimi."

Alinitazama upya. "Wewe mwenyewe? Si mama?"

"Ni mimi. Ni habari ndefu."

"Basi tutaelewana," alisema, akivuta stuli niketi. "Wanaume wakija hapa kuagiza kitu, wananiambia nifanye kizuri. Wewe niambie chakula kilikaa wapi."

Nilimweleza yote, isipokuwa barua. Alisikiliza kama daktari. Kisha akanionyesha kidole chake cha shahada, kinene, chenye kovu. "Mahali ambapo hiki hakiingii, hatutaweka," alisema. Mwanya mwembamba hushika chakula, aliniambia, lakini mwanya mpana hukiachilia. Kwa hiyo kati ya kikalio na mgongo angeacha nafasi ya vidole vinne, kila kitu kidondoke chini ambako naweza kukiona. Kikalio kingekuwa ubao mmoja uliolainishwa na kupigwa vanishi mara tatu. Hakuna mto. "Mtoto amekuja na mto wake," alisema, akajipiga kalioni. Ukanda wa kumfunga ungekuwa wa kitambaa cha kufungua na kufua. Na kimeza kingechomoka kwa kuvutwa, kikapelekwa bombani kama sinia.

Juu ya kimeza alibandika kipande cha fomaika, ile plastiki ngumu ya juu ya meza, kilichobaki kwenye kaunta ya hoteli, kijani chenye madoadoa meupe. Nilimuuliza kama kuna rangi nyingine. Akaniambia rangi hiyo imekwisha kuoshwa mara elfu na haijalalamika.

Kilikuwa kiti kibaya cha kutazama. Kilifanana na mbuzi aliyesimama akisubiri kukamuliwa. Nilikibeba kichwani mpaka nyumbani kwa njia za uchochoroni. Lakini siku ya kwanza binti yangu alipokimwagia bakuli zima la mchuzi, nilivuta kimeza, nikakitia chini ya bomba, nikapangusa kikalio mara mbili, na kazi ikaisha kabla redio haijamaliza habari. Nilisimama pale na kitambaa mkononi nikitafuta kingine cha kuosha.

Siku chache baadaye mama mkwe wangu aliingia bila kutarajiwa, kutoka Usenge, na kikapu cha dagaa wa omena waliokaushwa. Anayejua desturi zetu anajua kwamba mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawaongei ovyo. Miaka miwili ya ndoa nilikuwa nimejitahidi aniheshimu kwa mbali, nikiwa daima nimevaa koti. Siku ile alinikuta uani nimechuchumaa, sina shati, kanga ya binti yake nimeifunga kiunoni, nikisugua kiti.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Nyuma yangu ukuta, mbele yangu yeye. Niligeuza uso ukutani na kuendelea kusugua, maana mikono haikujua la kufanya lingine. Alikitua kikapu chini. Kisha akamchukua binti yangu kutoka kwa mama yake na kumwambia yeye, mtoto wa mwaka mmoja, kwa sauti ya upole:

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako amesahau chini ya kimeza."

Nilikigeuza kimeza. Kweli, palikuwa na ugali.

"Mwambie nyanya yako asante," nilimwambia ukuta.

"Mwambie baba yako," alisema, "babu yako hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea. Mwambie asiache."

Mke wangu alisema baadaye kwamba hayo ndiyo maneno mengi zaidi ambayo mama yake aliwahi kumwelekezea mkwe yeyote, na alikuwa na wakwe wanne.

Sikuacha. Na kwa kukiosha kile kiti nilimjua binti yangu kwa namna ambayo kwa kumtazama tu akila nisingemjua. Nilijua kwamba hapendi ngozi ya ngege lakini anapenda mkia. Nilijua siku aliyokuwa na homa kabla mama yake hajaipima kwa kiganja, kwa sababu chakula chote kilikuwa kimeachwa upande mmoja, hakijachezewa. Nilijua jino lilipotoka, kwa alama ndogo mbili ukingoni mwa mbao. Ofisini wenzangu walizungumza juu ya watoto wao kwa darasa walilofika. Mimi nilijinyamazia, nisije nikaitwa jina lingine.

Alipopata miaka miwili na kitu alikikataa. Hakulia. Alitelemka tu mwenyewe siku moja mchana, kinyumenyume, mguu baada ya mguu, akaenda kuketi mkekani karibu na mama yake, akanyoosha mkono kwenye sahani yake. Mke wangu akamsogezea ugali. Nilikula mezani peke yangu, na nilipomaliza nilikichukua kiti nikakipeleka uani, nikavuta kimeza, nikafungua bomba.

Mke wangu alikuja akasimama mlangoni.

"Unaosha nini?" aliniuliza. "Hakuna mtu aliyekikalia."

"Vumbi," nilimjibu.

Alinitazama kidogo. "Basi usimalize sabuni," alisema, akarudi ndani.